Filamu Iliyosema Kisomali

Ukimwuliza mtu yeyote wa Eyl, mji wetu wa pwani ya Somalia, kazi ya Samatar Gelle, atakwambia anatafsiri sinema. Ukimwuliza mtu mkweli, atakwambia anasema uongo mbele ya watu waliolipa kiingilio. Samatar hangebishana na yeyote kati yao, maana kubishana bure si desturi yake.

Alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya shuka jeupe, kipaza sauti mkononi na kikombe cha chai miguuni, akawasemea Wahindi, Wachina na Wamarekani wote waliopita kwenye shuka lile. Sauti ya mwanamke aliifanya yeye. Sauti ya mtoto, yeye. Farasi akilia, yeye pia. Kihindi alikiokota bandari ya Aden alipokuwa kijana, akibeba majora ya vitambaa katika duka la Mhindi mmoja mchoyo, kwa hiyo alijua vizuri maneno ya kupima, ya kukata na ya kulalamika. Kiingereza chake kilikuwa kidogo kuliko hicho. Lakini mdomo wake haukuwa na kufuli, na watu wakishakaa kwenye viti hakuna anayeuliza cheti.

Kila filamu mpya aliitazama nusu tu. Akishajua nani mwema, nani mbaya, na nani anamtaka binti wa nani, alifunga kompyuta akaenda zake. Nusu ya pili aliimalizia mwenyewe siku ya kuonyesha, papo kwa papo, huku watu wanasikiliza. Alisema hakuna mpishi anayeonja sufuria nzima. Na tumpe haki yake: filamu nyingi zilitoka mdomoni mwake zikiwa nzuri kuliko zilivyotengenezwa.

Tena, kila mtu wa kwenye filamu alimpa ukoo. Hili hakulianzisha yeye, walilitaka watazamaji. Mtu hawezi kumlilia mtu asiyemjua ni wa nani. Mgeni akitokea tu kwenye shuka, mzee Hashi wa mstari wa mbele aliinua fimbo akauliza, "Huyu ni wa akina nani?" na Samatar hakuwa na budi kujibu. Wema aliwagawia koo zilizokuwapo ukumbini, kwa zamu, asije akalaumiwa. Wabaya aliwapeleka mbali, kwenye koo ambazo Eyl hazina hata mtu mmoja wa kurusha kiatu. Mpelelezi mmoja wa Kimarekani alikuwa mjukuu wa dada yake Hashi kwa muda wa filamu tatu, na alipouawa mzee yule hakula chakula cha jioni.

Ukumbi wenyewe, mabati juu, mabati ubavuni, ulikuwa mali ya Dahabo Sugule. Dahabo alikuwa mjane. Aliuza chai na sambusa mlangoni, na kwa ulimi wake peke yake alinyamazisha ukumbi mzima bila kusimama. Samatar alimpenda tangu eda yake ilipoisha, na pengine kabla, lakini hilo tumwachie Mungu. Yeye mwenyewe alishaoa mara mbili na kuacha mara mbili, au tuseme kuachwa, na wake wote wawili walimpelekea kadhi malalamiko yaleyale: hanyamazi. Alipomposa Dahabo mwenyewe, maana kaka zake walimkwepa, Dahabo alimwambia, "Nitafikiri." Kufikiri huko kulikuwa kumeingia mwaka wa pili.

Angeshafikiri akamaliza, Samatar aliamini hivyo, kama asingekuwapo Dirie Kovu.

Kwetu mtu haachiwi jina alilopewa na baba yake peke yake, macho ya watu lazima yamwongezee. Dirie alikuwa na kovu la kuungua, au la kuchanika ukimwamini yeye, lililoteremka kutoka taya hadi shingoni, kwa hiyo akawa Kovu na mambo yakaisha. Enzi zile meli za watu zilipokuwa zikitia nanga mbele ya mji wetu bila hiari yao, Dirie naye alikwenda baharini na vijana wenzake wakateka meli iliyobeba vigae. Wenzake wale hawakurudi kukaa. Wengine bahari iliwachukua, wengine wako jela za ugenini, na mmoja anaendesha basi Uswidi. Dirie peke yake ndiye aliyerudi Eyl, akalima malimau na vitunguu bondeni kwenye chemchemi, na kila alasiri akaja kunywa chai mlangoni pa Dahabo na kusimulia. Kwa masimulizi yake, yeye ndiye aliyepanda ngazi wa kwanza, bunduki mgongoni, kisu mdomoni. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa kikosi. Kovu lile lilikuwa la risasi ya manowari.

"Ilinipitia hapa," alisema kila mara, akigusa shingo. "Ikaomba radhi, ikaendelea na safari."

Dahabo alimmiminia chai akisikiliza, au akionekana kama anasikiliza, na Samatar akiona hivyo maini yalimkatika.

Basi wiki moja dereva wa gari la miraa alileta flashi kutoka Garowe, na ndani ya flashi mlikuwa na filamu. Ilitengenezwa na wazungu kwa kisa cha kweli, walichosimuliwa na mabaharia waliookoka. Kisa chenyewe kilikuwa cha meli ya vigae.

Mji ulichemka. Watu ambao hawajawahi kukanyaga sinema, kwa kuwa waliiona ni dhambi, walipita kwa Dahabo kuuliza dhambi hiyo itaanza saa ngapi. Dirie alipopewa habari alikuwa anakula sambusa. Aliirudisha kwenye sahani ikiwa nusu.

Alhamisi Samatar alijifungia ukumbini na kompyuta akaitazama nusu yake. Aliona boti ndogo ikiikimbiza meli, na ndani ya boti, katikati ya vijana wenye bunduki, jamaa mmoja mwenye sufuria mapajani akitapika. Wenzake wakapanda ngazi mmoja mmoja. Jamaa wa sufuria aliitazama ngazi, akaitazama bahari, akakaa chini. Mwishowe walimteremshia wavu wa mizigo wakampandisha humo, pamoja na sufuria, miguu ikining'inia nje. Siku ya kwanza kuwasha jiko la meli akajimwagia kikaango cha mafuta shingoni. Alikuwa mpishi wa maharamia, na walimwita Kovu.

Samatar alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Kisha akanyamaza ghafla, kwa sababu ndipo alipotambua jambo lililokuwa masikioni mwake muda wote. Maharamia wale walikuwa wakisema Kisomali. Kisomali cha kuvunjikavunjika, cha vijana waliozaliwa ughaibuni, lakini Kisomali. Filamu hii ilikuja na mdomo wake.

Akawaza kwa furaha kubwa. Kwetu, mtu akikuvunjia heshima mbele ya watu anakulipa fidia, ambayo huitwa haal, na anayelipa ni yule aliyetamka. Samatar akimwita Dirie mpishi na mwoga kwenye kipaza sauti, ukoo wa Dirie utakuja kesho asubuhi kudai haal. Lakini filamu ikisema yenyewe, watamdai nani? Shuka? Yeye atakaa tu na chai yake. Akafunga kompyuta, nusu ya pili asiiguse, kama ilivyo kawaida yake.

Alipotoka alimkuta Dirie amechuchumaa ukutani, kwenye kivuli cha bati.

"Binamu," Dirie alisema, kama wanaume wa kwetu wanavyoitana hata wasipokuwa ndugu, "habari za mdomo?"

"Mdomo mzima. Habari za shingo?"

Dirie hakucheka. "Umeitazama?"

"Nimeitazama."

"Nimo?"

Samatar aliinamia kiatu chake, akakung'uta mchanga ambao haukuwemo. "Yumo mtu mwenye kovu."

"Anapanda ngazi?"

"Anapandishwa."

Dirie alishusha pumzi. Alikaa kimya muda mrefu, na Samatar, ambaye hajui kuvumilia kimya, alikaribia kuimba.

"Sikiliza," Dirie alisema. "Wewe ndiye mdomo wa mji huu. Yule Mchina aliyekufa kwenye mto ulimfufua kwa sababu tu ami Hashi alinuna. Sasa utashindwa kunipandisha ngazi mimi?"

"Hilo ni jambo kubwa, binamu. Filamu ni ya kisa cha kweli."

"Kwani wewe na kweli mlijuana lini?"

Samatar alijifanya hakusikia. "Unaogopa mji utakucheka?"

"Mji ucheke. Nitarudi kwenye malimau yangu nilale. Sitaki Dahabo acheke. Yeye tu." Alisema hivyo akitazama chini, bila aibu na bila mapambo, na Samatar alihisi kitu kinamchoma ubavuni. Alimwonea huruma mwenzake. Ilikuwa huruma ya kweli, nayo haikudumu.

"Nenda kalale," akamwambia. "Nitakusemea."

Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, ukumbi ulijaa mpaka watu wakakalia madebe. Samatar alikuja na ndevu zilizotiwa hina mpya na kikoi ambacho bado kilikuwa na mikunjo ya dukani. Mzee Hashi alikaa mbele na fimbo yake. Wanawake walikaa mabenchi ya nyuma, karibu na meza ya chai, na karibu na meza hiyohiyo alikaa Dirie, shali limemzunguka shingo katika joto la kuyeyusha mshumaa. Jenereta ikawaka. Dahabo akafunga mlango kwa kisigino, birika mkononi.

Mambo yaliharibika mapema, lakini si kwa Dirie. Mwanzoni mwa filamu vijana walionyeshwa kijijini kabla ya safari, na nyuma yao akapita kondoo. Alikuwa kondoo mweupe mwili mzima, mwenye sufu nene hadi magotini.

"Simamisha," mzee Hashi alisema.

"Ami, haisimami."

"Huyo kondoo ni wa nani? Kichwa cheusi kiko wapi? Mkia wa mafuta uko wapi? Huyo amevaa zulia."

"Walipigia picha nchi nyingine, ami."

"Basi na mimi nitaiamini nchi nyingine." Hashi alikunja mikono, na kuanzia hapo hakuna kitu kwenye filamu ile kilichoweza kumridhisha.

Boti ikatokea. Jamaa wa sufuria akatapika. Hashi, kwa mazoea tu, akauliza, "Huyu ni wa akina nani?"

Samatar aliweka kipaza sauti chini. "Leo sina kazi, ami. Wanasema Kisomali. Wasikilizeni wenyewe."

Watu walishangaa, wakatega masikio. Kweli, walikuwa wakisema Kisomali. Mmoja alisema wanaongea kama watu waliofundishwa lugha ya mama na shangazi wa jirani. Kisha wavu ukateremka, mpishi akapanda angani na sufuria yake, na mmoja wa wenzake kwenye filamu akapiga kelele kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, "Kovu, shikilia sufuria, mpishi tutampata mwingine." Alikuwa hajaungua bado, lakini watengenezaji hawakujali. Ukumbi mzima uligeuza shingo nyuma kwa pamoja.

Mafuta yalipomwagika, watu hawakujiweza.

"Dirie, risasi yenyewe ndiyo hiyo? Mbona inachemka?"

"Manowari ilikuja na kikaango, enyi watu."

"Ikaomba radhi, ikarudi jikoni."

Dirie alikaa wima, mikono magotini, macho kwenye shuka. Samatar hakumtazama yeye, alimtazama Dahabo. Dahabo alikuwa ameuma ncha ya mtandio na mabega yanamtikisika. Furaha iliyomwingia Samatar wakati ule hakuwahi kuipata hata siku za harusi zake mbili. Aliagiza chai nyingine kwa kidole.

Kazi kidogo aliifanya, si kwamba alikaa bure. Mzungu mmoja wa kampuni ya meli alitokea ofisini, mbali huko, akasema Kiingereza kirefu kwenye simu huku anajifuta jasho.

"Anasema nini?" Hashi aliuliza.

"Anasalimia."

"Maneno yote yale ni salamu?"

"Wazungu wakiwa na wasiwasi husalimia sana, ami."

Filamu ikaenda, ikapita pale Samatar alipoishia Alhamisi. Hakujali. Aliketi akinywa chai yake kama mtu aliyekwishavuna.

Sasa meli ilikuwa imekaa miezi, maji yamepungua, kampuni bado inasalimia. Mabaharia wamelala sakafuni chumba kimoja, midomo imepasuka. Kati yao alikuwamo mzee mmoja wa Kibengali, fundi wa injini, mwembamba, anayekohoa. Mkubwa wa maharamia, jitu lenye miwani ya jua hata ndani ya nyumba, alisema kampuni haitasikia mpaka imsikie mtu anakufa. Akamchagua mzee. Akasema wamtoe juu waipigie simu kampuni.

Mpishi alikuwa mlangoni na bakuli la supu. Hakutoka mlangoni.

"Pisha," jitu likasema.

Mpishi alikuwa anatetemeka kiasi kwamba supu ilikuwa ikimwagika pande zote mbili. "Huyu amekula chakula changu," akasema, kwa Kisomali kile cha ughaibuni, lakini kila mtu alimwelewa. "Tangu mwezi wa kwanza anakula mkononi mwangu. Yuko chini ya ulinzi wangu. Ukimgusa, wa kwangu watakuja kuwauliza wa kwenu."

Ukumbini hakuna aliyeuliza maana ya maneno hayo. Mtu uliyemkirimu ukamkubali chini ya dari yako, hata akiwa adui, damu yake iko shingoni mwako. Hayo watoto wetu huyajua kabla ya kujua kuhesabu. Jitu lilimpiga kwa kitako cha bunduki. Mpishi akaanguka, bakuli likavunjika, akajikokota akarudi palepale mlangoni akakaa. Alikuwa analia kwa sauti, makamasi yanamtoka, na suruali yake imelowa kwa mbele, na si kwa supu. Hakutoka mlangoni.

Kimya kilichoingia ukumbini kilimshtua Samatar. Alitazama nyuma. Dahabo alikuwa ameshika birika juu ya kikombe, na kikombe kilikwisha jaa zamani. Chai ilikuwa ikifurika kwenye sinia, kutoka kwenye sinia ikiingia mezani, na yeye hana habari. Hakuwa akitazama shuka. Alikuwa akimtazama Dirie.

Moyo wa Samatar ulimshuka hadi kwenye kikoi. Mkono wake ulienda wenyewe kwenye kitufe cha sauti ukaizima, na mkono wa pili ukanyakua kipaza sauti.

"Hapa," akasema kwa sauti nene ya mpishi, "anamwambia mkubwa wake: nipe fungu langu nikuachie mzee. Nimeshamtilia sumu kwenye supu."

Watu waliguna.

"Mimi ni mwoga, anasema, nataka nirudi kwa mama. Na huyu mzee namchukia, ananidharau mapishi yangu."

"Samatar, rudisha sauti," mtu akasema.

"Sauti imeharibika, ndugu zangu, ni jenereta. Anaendelea kusema: mwueni, mwueni upesi, supu inapoa."

"Jenereta inaunguruma hapo nje tunaisikia," mzee Hashi alisema. "Na mimi nina macho. Yule analia. Mtu hasemi mambo ya fungu huku analia hivyo."

"Ami, hawa wa ughaibuni hulia kwa lolote."

Dahabo alitembea katikati ya viti na birika lake mkononi, taratibu, watu wakivuta magoti kumpisha. Alifika mbele, akamchukulia Samatar kipaza sauti kama unavyomchukulia mtoto kisu, bila kumnyang'anya. Akaiwasha sauti.

"Kaa, Samatar," akasema. "Leo kuna mtu anasema."

Akakaa. Filamu ikaisha bila yeye. Mzee wa Kibengali hakuuawa. Mpishi alishinda na kukesha mlangoni pale mpaka jitu likachoka, kisha kampuni ikaacha salamu ikalipa, mabaharia wakaenda kwao. Mpishi alishushwa wa mwisho, kwa wavu uleule, akikumbatia sufuria.

Mlango ulipofunguliwa na mwanga kuingia, hakuna aliyeinuka. Mzee Hashi aligeuza kiti chake kizima akatazama nyuma.

"Dirie, mwanangu. Ndivyo ilivyokuwa?"

Dirie alikuwa amevua shali. "Hapana, ami. Si mafuta. Yalikuwa maji ya tambi."

"Na kondoo?"

"Hatukuwa na kondoo yule."

"Nilijua," Hashi alisema, akaridhika.

"Na mlangoni?" Dahabo ndiye aliyeuliza. "Ulikaa mlangoni?"

"Nilikaa."

"Basi ngazi ulituletea ya nini, miaka yote hii? Nimeisikia ile ngazi mpaka naijua idadi ya vipago vyake."

Dirie alijikuna kovu. "Ngazi ni hadithi ya mwanamume. Ile nyingine umeiona mwenyewe. Nililia mbele ya watu na nikajikojolea. Ungekuwa wewe ungeisimulia wapi, dada? Kwenye chai?"

Dahabo alirudi mezani kwake akaanza kufuta chai iliyomwagika, na alifuta mahali pamoja kwa muda mrefu.

Samatar aliona sasa ndio wakati mzuri wa kwenda nyumbani. Alifika nusu ya njia. Fimbo ya Hashi ilimzuia kifuani.

"Unakwenda wapi? Umemtia mwenzako sumu mkononi mbele ya mji mzima."

"Ami, ile ni filamu."

"Filamu ilizimwa. Uliokuwa ukisema ni mdomo wako."

"Kila Ijumaa nasema, na hakuna anayenidai."

"Kila Ijumaa unawasemea Wachina," Hashi akasema. "Mchina akija kudai tutamsikiliza naye."

Mdomo uliponza kichwa, wahenga hawakukosea, na walimwona Samatar kabla hajazaliwa. Watu walikaa upya, safari hii bila kiingilio, na kesi ikasikilizwa palepale kwenye viti vya plastiki. Samatar alijitetea vizuri, kwa sauti tatu tofauti, na kila sauti ilimzidishia kosa. Haal ikathibitika. Mmoja akataja ngamia, mwingine akasema ngamia ni mkubwa kwa mdomo mdogo hivi, wapewe mbuzi. Hashi akasema aulizwe aliyevunjiwa heshima, yeye ndiye mwenye haki.

Dirie alisimama. Alikunja shali, akalikunjua, akalikunja tena.

"Sitaki mbuzi," akasema. "Mbuzi watakula malimau yangu. Nataka kwenda nyumbani kwa kaka zake Dahabo." Akalitia shali kwapani. "Mposaji hajisemei, mnajua. Anasemewa. Na wa kwangu hakuna aliyebaki mwenye ulimi. Mimi mwenyewe nikifungua mdomo inatoka ngazi. Kwa hiyo Samatar anilipe kwa hicho alicho nacho. Anisemee."

Ukumbi uliangua kicheko ambacho naamini mabati yale bado yanakikumbuka. Samatar hakucheka. Alimtazama Dahabo, akisubiri aseme kwamba bado anafikiri. Angeliridhika na hilo tu. Angekaa na hilo mwaka wa tatu, na wa nne.

Dahabo alikuwa akipanga vikombe. "Jumatano kaka zangu wote watakuwapo," akasema, bila kumtazama mtu. "Na Samatar usiongeze chumvi. Mimi nitakuwa nyuma ya pazia, nasikia."

Siku zilizofuata Samatar aliugua. Aliugua tumbo, akaugua mgongo, akaugua koo, na Hashi alimpelekea ujumbe kwamba akifa watambeba hivyohivyo mpaka kwa kaka zake Dahabo. Jumatano akapona.

Walikaa mkekani, wazee wa Dirie upande mmoja, kaka za Dahabo upande wa pili, chai na halua katikati. Dirie alikaa nyuma kabisa, shingo wazi. Kaka mkubwa, Abshir, mtu mnene asiyecheka, alikohoa.

"Mmemleta mtu. Ni nani?"

Samatar alikuwa ameandaa hotuba tangu Jumatatu. Ilikuwa na simba wawili, vita vitatu, na mababu wa Dirie hadi kizazi ambacho hata Dirie hakukijua. Alifungua mdomo. Pazia lilitikisika kidogo, na hotuba yote ikamtoroka. Alichokiona mbele yake kilikuwa bakuli lililovunjika mlangoni.

"Ni mpishi," akasema. "Si mpishi mzuri. Alipelekwa baharini na watu wabaya, na yeye hakuwa mtu wa kuwazuia, maana ni mwoga. Mimi nimemwona kwa macho yangu jinsi anavyoogopa. Lakini alimlisha mtu, mgeni, ambaye hakumjua ukoo. Walipokuja kumchukua mtu huyo alikaa mlangoni. Alitetemeka, alilia, alijilowesha, na hakuondoka. Dahabo akipata shida, huyu hatapanda ngazi kumwokoa. Atakaa mlangoni. Mimi najua kusema mengi, ndugu zangu, na ningetaka sana kumsema vibaya, lakini sikujaliwa kukaa mlangoni namna hiyo. Sina zaidi."

Mmoja wa kaka wadogo alipangusa jicho akasingizia moshi wa ubani. Abshir aliinamisha kichwa, akafikiri, akampa mkono mzee wa upande wa Dirie, na posa ikawa imepita. Kisha akamgeukia Samatar, akamtazama vizuri, mara ya kwanza tangu wajuane.

"Samatar," akasema, "miaka yote hii unakuja hapa na maneno yako, nasi tunakukwepa. Tungejua unaweza kusema hivi, tungekuoza wewe."

Wote walimtazama wakingoja jibu lake, maana Samatar hajawahi kukosa jibu. Yeye akachukua sahani ya halua akampitishia Dirie.